UZI: Kuitambua Ulva kwa umbo na kwa vinasaba: jina sahihi la mwani huu wa kijani linatoka wapi?

#1 Mwanaupwa

Habari zenu, wanajukwaa.

Naomba tujadili kwa kina utambuzi wa mwani wa kijani wa jenasi ya Ulva, ule unaoonekana kama kitambaa laini cha kijani au kama mirija myembamba iliyoshika mwamba. Karibu kila mtu aliyewahi kusimama ufukweni ameuona, na bado ni miongoni mwa mwani mgumu kabisa kupewa jina sahihi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kuupinga aupinge: umbo pekee halitoshi, vinasaba pekee havitoshi, na hata vyote viwili havitufikishi popote ikiwa havikutoka katika sampuli ile ile moja, iliyohifadhiwa, na ambayo mfuatano wake wa DNA (mpangilio wa herufi zake za urithi) umelinganishwa na ule wa sampuli ya asili iliyobeba jina.

Nianze na kisa kilichonifikisha hapa. Siku moja ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, nilikusanya vichaka vitatu vya mwani kwenye mwamba mmoja, ndani ya umbali usiozidi mita mbili. Cha kwanza kilikuwa cha mirija myembamba yenye matawi mengi karibu na shina. Cha pili kilikuwa cha mirija minene isiyo na matawi, imejaa hewa na kujikunja kama utumbo. Cha tatu kilikuwa cha majani mapana, yenye mawimbi pembeni. Nilikuwa na ufunguo wa utambuzi mkononi, yaani orodha ya maswali ya umbo inayokufikisha kwenye jina, nikaufuata hatua kwa hatua, nikaandika majina matatu bila wasiwasi: U. compressa, U. intestinalis na U. rigida.

Majibu ya DNA yaliporudi, kichaka cha kwanza na cha tatu vilikuwa spishi moja, yaani U. compressa, mmoja mrija na mwingine jani. Cha pili, ambacho kwa bahati nilikuwa nimechukua mirija miwili tofauti kutoka ndani yake, kilikuwa na spishi mbili zilizoota pamoja zikashikana shinani: mrija mmoja ulikuwa U. intestinalis kweli, na mwingine ulikuwa wa kundi la U. linza na U. prolifera. Kati ya majina matatu niliyoandika kwa kujiamini, moja lilikuwa kosa tupu na jingine lilikuwa sahihi kwa nusu ya kichaka. Tangu siku hiyo sijawahi kuweka kichaka kizima katika bahasha moja na kukiita sampuli.

Tatizo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliweka majani na mirija katika jenasi moja, Ulva: U. lactuca ikiwa jani, U. intestinalis na U. compressa zikiwa mirija. Mwaka 1820 mtaalamu wa mimea Link aliitenga mirija, akaiita Enteromorpha, na kwa zaidi ya miaka 180 wanafunzi wakafundishwa kwamba jani lenye tabaka mbili za seli ni Ulva, na mrija ambao ukuta wake una tabaka moja ni Enteromorpha. Ni kigezo kinachoonekana kwa macho, kinafundishika kwa dakika tano, na ndiyo maana kilidumu. Mwaka 2003 Hayden na wenzake walilinganisha mifuatano ya vipande viwili vya DNA, ITS kutoka kwenye kiini cha seli na rbcL kutoka kwenye kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli), wakakuta kwamba spishi za mirija na za majani zimechanganyika katika matawi ya mti wa ukoo, kiasi kwamba hakuna tawi unaloweza kulikata na kusema hili ni la mirija peke yake. Kwa kuwa jina Ulva ndilo lililotangulia, likabaki, na Enteromorpha likawa kisawe chake. Linnaeus, ambaye hakuwa na chochote zaidi ya macho na karatasi za kukaushia, alikuwa amepatia.

Ningependa kusikia kutoka kwenu: mnachukuaje sampuli, mnatumia jeni gani, na mnapokuta umbo linasema hivi na vinasaba vinasema vile, mnaandika jina gani?

#2 Seli Moja

Asante sana kwa uzi huu, Mwanaupwa. Mimi ni mwanafunzi na ndiyo kwanza naanza kazi ya mwani, kwa hiyo naomba mnivumilie nikiuliza yaliyo wazi kwenu.

Ikiwa spishi moja inaweza kuwa mrija hapa na jani pale, na ikiwa kichaka kimoja kinaweza kubeba spishi mbili zinazofanana, kwa nini tuendelee kupoteza saa nyingi kwenye hadubini? Si afadhali kukata kipande, kukikausha, kukipeleka maabara na kusubiri mfuatano? Nauliza kwa dhati, kwa sababu msimamizi wangu ananitaka nichore seli za kila sampuli kabla ya kugusa mashine ya PCR, ile ya kukuza DNA, na sijaelewa faida yake.

#3 Mwanaupwa

Seli Moja, swali lako ni la msingi, na msimamizi wako yuko sahihi. Nieleze kwa nini.

Mfuatano unakuambia DNA iliyomo katika kipande ulichokata ni ya nani. Haukuambii kama kipande hicho ndicho mwani uliokusudia. Shina la Ulva iliyozeeka huwa limebeba wapangaji: mwani wa nyuzi, mirija michanga ya spishi nyingine, hata vijani vidogo usivyoviona kwa macho. Mtu ambaye hakuangalia kwenye hadubini atakuza DNA ya mpangaji na kumpa mwenye nyumba jina lisilo lake, na hatajua kamwe.

Tena si kweli kwamba umbo halisemi kitu. Umbo la nje ndilo linalodanganya zaidi. Umbo la ndani, la seli, linadanganya kidogo. Fanya hivi: kata vipande vya nusu sentimita kutoka shinani, katikati na nchani, viandikie kila kimoja kilikotoka, kisha kibane kimoja kimoja kati ya vipande viwili vya spongi ngumu na upitishe wembe mpya, mara kumi, mara ishirini, mpaka upate vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Weka kwenye kioo na tone la maji ya bahari, usitumie maji matamu, kwa sababu maji matamu huvimbisha seli na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo.

Sasa angalia. Ukiona tabaka moja tu la seli na mwani ulikuwa jani, huenda una Monostroma au Ulvaria, jenasi nyingine za mwani wa kijani, mkononi, ingawa hapa pia kuna tahadhari nitakayoitaja. Ukiona seli ndogo sana, chini ya mikroni 10, fikiria Blidingia, nayo ni jenasi nyingine. Ukiona tabaka mbili zilizogandana katikati lakini zimeachana kwenye kingo mbili, zikaacha kijia kitupu kila upande, hiyo ni alama nzuri ya U. linza, na mimi binafsi kila ninapoiona hufurahi kwa sababu ni chache sana zinazojitokeza wazi namna hiyo. Ukiona seli za shinani ni ndefu kuliko upana wake, zimesimama kama nguzo, na kingo za jani zina vijino vidogo vinavyohitaji hadubini kuonekana, fikiria U. rigida.

Baadaye laza kipande bapa na uangalie kwa juu. Seli zimepangwa safu zilizonyooka kwa urefu, kama katika sehemu nyembamba za U. prolifera, au zimetawanyika bila mpango, kama kwa U. compressa na U. intestinalis? Kloroplasti imeenea seli nzima au imesogea upande mmoja kama kofia iliyovutwa? Dondosha iodini, subiri kidogo, na uhesabu pirenoidi, yaani vidonge vidogo ndani ya kloroplasti, kwa sababu wanga unaozizunguka hushika rangi nyeusi na kuzifanya zionekane. Moja kwa kila seli ni kawaida kwa U. compressa, U. intestinalis na U. prolifera, mbili na zaidi zinaelekeza kwa U. flexuosa, U. clathrata au U. rigida. Hesabu katika seli hamsini, usihesabu katika seli tatu.

Tahadhari niliyoiahidi: mwaka 2002 Blomster na wenzake walieleza mwani ulioelea bila kushika mwamba katika Bahari ya Baltiki, upande wa Ufini, ukiwa katika mashuka mapana yenye tabaka moja tu la seli. Kwa umbo ungesema ni Monostroma bila kusita. Kwa vinasaba ulikuwa U. intestinalis, mrija uliopasuka na kuendelea kukua ukiwa wazi. Hadubini ilisema kweli kuhusu tabaka, na ufunguo wa utambuzi ukatafsiri vibaya. Kuchora seli kunakusaidia kujua utegemee nini kutoka kwenye mfuatano, ili mfuatano ukija tofauti ushtuke na kutafuta sababu.

#4 Hebaria

Wakuu, naomba niingilie upande wa majina, kwa sababu mjadala mwingi wa vinasaba huishia kwenye kosa moja: watu wanadhani DNA hutoa jina. DNA hutoa kundi. Inakuambia kwamba sampuli yako na sampuli nyingine kumi ni ndugu wa spishi moja. Jina la kundi hilo linatoka kwenye sheria za majina ya mimea na mwani, na sheria hizo zinalifunga kila jina kwenye sampuli moja mahususi, ile ambayo aliyeweka jina aliitumia au iliyoteuliwa kwa niaba yake. Kama hujui sampuli hiyo ni ya kundi gani, unakisia.

Mfano mzito kuliko yote ni U. lactuca yenyewe, spishi inayobeba jenasi nzima. Kwa vizazi vingi jina hilo lilitumika kwa jani pana la kijani la maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini. Lilichapwa katika orodha za nchi nyingi, likawekwa kwenye maelfu ya sampuli, likafundishwa vyuoni. Mwaka 2019 Hughey na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa DNA ya sampuli ya Linnaeus mwenyewe, iliyokaa kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka 250. Mfuatano wake wa rbcL ulikaribia kufanana kabisa na wa U. fasciata, spishi ya maji ya joto ambayo Delile aliipa jina kutoka Alexandria, Misri, katika karne ya 19. Kwa hiyo U. fasciata ikawa kisawe cha U. lactuca, na lile jani la kaskazini ambalo kila mtu alilizoea likalazimika kuchukua jina la U. fenestrata, lililowekwa na Postels na Ruprecht mwaka 1840.

Tafakarini uzito wake. Hakuna mwani hata mmoja uliobadilika. Hakuna aliyekosea kuona umbo, wala mifuatano ya zamani haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni kiungo kimoja tu kati ya kundi na karatasi ya mwaka 1753, na kukosekana kwake kulilifanya jina moja lielee juu ya spishi mbili tofauti, moja ya maji ya joto na nyingine ya maji baridi, kwa karne mbili na nusu.

Ndiyo maana nasisitiza mambo ya karatasi, ambayo vijana wengi huyaona ya kizamani. Kutoka mwani ule ule mmoja, sehemu ndogo ya ncha iingie kwenye chembe za silika kwa ajili ya DNA, ikauke upesi ibaki kijani. Sehemu kubwa yenye shina ibandikwe kwenye karatasi ya hebaria, yaani ya mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa. Na kipande cha seli kihifadhiwe kwenye kioo. Vyote vitatu vibebe namba moja. Msitumie formalini kwa kipande cha DNA, kwa kuwa formalini huifunga DNA na kuiharibu. Na kwenye karatasi andikeni tarehe, mahali, kina au nafasi ya mwani kati ya maji kupwa na maji kujaa, chumvi ya maji kama mmeipima, na kama ulikuwa umeshika mwamba au unaelea. Hayo ya mwisho hayawezi kurudishwa na mashine yoyote.

#5 Mfuatano

Nashukuru kwa maelezo ya Hebaria, ambayo nayaunga mkono yote. Niongeze upande wa jeni, kwa kuwa Mwanaupwa ameuliza.

Kwa wanyama, jeni ya COI ya mitokondria ndiyo iliyozoeleka kama alama ya utambulisho. Kwa mwani wa kijani haifai, kwa sababu mara nyingi imekatwakatwa na introni (vipande vya DNA vilivyoingia katikati ya jeni), na vianzio vya PCR, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha ukuzaji, vinashindwa kushika. Mwaka 2010 Saunders na Kucera walijaribu alama kadhaa na kupendekeza tufA, jeni ya kloroplasti ambayo kipande chake cha takribani bezi (herufi za DNA) 800 hukuzwa kwa urahisi na hutofautisha spishi vizuri. Kasoro yake inayojulikana ni kwa jamaa wa Cladophora, mwani wa kijani wa nyuzi, ambako vianzio vyake hushindwa. Mwaka 2017 ilionekana kwa Boodlea, mwani wa oda hiyo hiyo, kwamba DNA ya kloroplasti imegawanyika katika vipande vingi vifupi vyenye uzi mmoja uliojikunja, jambo la ajabu ambalo linastahili uzi wake. Kwa Ulva, mimi hutumia tufA kwanza, kisha rbcL kwa sababu sampuli nyingi za asili zilizochunguzwa zina rbcL, kisha ITS ya kwenye kiini.

Kwa nini ITS, ikiwa mbili za kwanza zinakubaliana? Kwa sababu tufA na rbcL zote ziko kwenye kloroplasti, na kloroplasti kwa kawaida hurithiwa kutoka upande mmoja wa wazazi. Alama mbili za kloroplasti ni shahidi mmoja anayerudia maneno yake. Chotara ataonekana kama spishi ya mzazi mmoja tu, na utaandika jina hilo kwa uhakika usiostahili. ITS inabeba urithi wa pande zote mbili, na katika grafu ya mfuatano utaona vilele viwili mahali pamoja. Vilele viwili vinaweza pia kumaanisha uchafu kutoka kwa mpangaji, kwa hiyo rudi kwenye ncha safi na urudie kabla ya kutangaza chotara. Utafiti wa mwaka 2021 kuhusu Ulva za majani ulionyesha kwamba chotara kati ya spishi wapo porini, ila ni nadra.

Jambo linaloniumiza zaidi ni matumizi mabaya ya kanzidata. Mtu anapata mfuatano, anautafutia unaofanana nao, anachukua jina la kwanza linalojitokeza, na kazi imekwisha. Jina katika kanzidata ni lile ambalo aliyeweka mfuatano aliliandika siku ile, kwa ufunguo aliokuwa nao. Kama mmoja aliita mwani wa kaskazini U. lactuca mwaka 2000, wa pili akalinganisha na kuita wake hivyo hivyo, na wa tatu akawafuata wawili hao, tuna mifuatano mitatu inayokubaliana na ushahidi mmoja tu, tena wa kosa. Vilevile majina mawili tofauti hayamaanishi spishi mbili: kwenye kanzidata utakuta U. pertusa na U. australis zikiwa na mfuatano mmoja, kwa kuwa la kwanza ni kisawe cha la pili.

Njia yangu ni kutengeneza mti wenye mifuatano iliyotoka kwenye sampuli za asili, nikaweka Umbraulva, jenasi iliyo karibu na Ulva, kama jamaa wa nje wa kulinganishia, kisha nikaangalia sampuli yangu imekaa kwenye tawi la nani. Sitegemei asilimia. Hakuna kiwango cha mfanano kinachotenganisha spishi zote za Ulva kwa haki; kuna jozi zilizotengana mbali, na kuna jozi ambazo hata baada ya bezi 800 huwezi kuzitenganisha.

#6 Seli Moja

Mfuatano, umenigusa pale pale nilipokwama. Nina sampuli yenye namba 14, mirija yenye matawi, seli zimepangwa safu, pirenoidi moja kwa seli nyingi. Nilipotafuta kwa tufA, nimepata mfanano wa karibu kabisa na mifuatano iliyoandikwa U. prolifera, U. linza na mingine "Ulva sp." peke yake, yote kwa kiwango kile kile. Nimekaa nayo siku nne. Niandike nini?

#7 Mfuatano

Umeangukia kwenye kundi ambalo wataalamu huliita LPP, kwa herufi za kwanza za linza, procera na prolifera. Hapa tufA, rbcL na hata ITS huwa hazitoi jibu la mwisho, kwa sababu spishi hizi zimeachana karibuni na nyingine bado zinaweza kuzaliana. Alama iliyosaidia zaidi ni kile kipande kilicho kati ya nakala za jeni ya 5S ya kwenye kiini, ambacho hubadilika kwa kasi kubwa kuliko ITS.

Umuhimu wake ulionekana mwaka 2008 huko Qingdao, China, wiki chache kabla ya mashindano ya mashua ya Olimpiki, pale mwani wa kijani ulipofunika bahari na watu zaidi ya elfu kumi wakaondoa zaidi ya tani milioni moja. Swali la kwanza lilikuwa la jina, kwa sababu bila jina huwezi kuuliza umetoka wapi. Mirija ile ilikuwa na matawi mengi kuliko U. prolifera ya kwenye miamba, ITS ikaiweka ndani ya LPP na kuishia hapo, na ndipo 5S pamoja na majaribio ya kuzalisha yalipoonyesha kwamba ni U. prolifera ya namna yake, ambayo baadaye ilipewa hadhi ya spishi ndogo, qingdaoensis. Baada ya hapo watafiti waliweza kuitafuta spishi hiyo, wala si "mwani wa kijani" wowote, na kuifuatilia hadi kwenye fremu za kilimo cha mwani mwekundu katika maji ya kina kifupi ya Jiangsu, kusini ya hapo.

Kwa sampuli namba 14, hadi upate 5S, andika "Ulva ya kundi la linza-procera-prolifera". Hilo ni jina kamili la kile unachokijua. Usiongeze.

#8 Tangini

Nimefuatilia kimya, lakini kuna jambo halijaguswa, nami ninakuza Ulva kwenye matangi kwa hiyo naliona kila siku. Tunazungumza kana kwamba umbo limo ndani ya jeni za mwani na maji hulibadilisha kidogo. Ulva iliyosafishwa bakteria wote haijengi jani wala mrija. Inabaki rundo la seli zisizo na mpangilio, zinazoachana ukizigusa. Katika Ulva mutabilis imeonyeshwa kwamba bakteria wawili, mmoja wa jenasi ya Roseovarius na mwingine wa Maribacter, wakirudishwa pamoja, umbo hurudi. Na tangu mwaka 2005 inajulikana kemikali moja, thalusini, inayotengenezwa na bakteria na kuwezesha mwani wa kundi hili kujijenga.

Hiyo U. mutabilis nayo ina habari yake. Føyn aliipa jina mwaka 1958, kutokana na mwani uliotoka kusini mwa Ureno, na hilo jina linamaanisha "yenye kubadilika" kwa sababu umbo lake halikutulia. Ikawa mwani wa majaribio maabara, jenomu yake ikachapishwa mwaka 2018, na mara tu baada ya hapo ikathibitishwa kuwa ni U. compressa ile ile ya 1753. Kwa hiyo kichaka cha kwanza na cha tatu cha Mwanaupwa, mrija na jani kwenye mwamba mmoja, kwangu mimi si ajabu hata kidogo.

Nimewahi pia kuhamisha U. intestinalis isiyo na tawi hata moja kwenye maji ya chumvi ndogo, na baada ya wiki mbili ikawa na vitawi vidogo kila mahali. Aliyeiona siku hiyo kwa mara ya kwanza angeiita compressa.

#9 Hebaria

Tangini, hilo la chumvi ndilo lililowasumbua waliotangulia kwa muda mrefu. Mwaka 1998 kazi iliyofanyika kwenye visiwa vya Uingereza na Ireland ilionyesha kwamba U. intestinalis na U. compressa ni spishi mbili kweli kwa ITS, na kwamba kati ya vigezo vyote vya umbo, kuwa na matawi ndicho kilichobaki na msaada kidogo, nacho ndicho chumvi inachokichezea. Ndiyo sababu nikaomba chumvi iandikwe kwenye karatasi. Tawi lililoota kwenye maji ya bahari kamili na tawi lililoota mdomoni mwa mto si ushahidi wenye uzito mmoja.

#10 Seli Moja

Narudi na taarifa. Leo nimefungua tena bahasha ya sampuli namba 14 na kuloweka kipande cha shina kwa nusu saa katika maji ya bahari, si maji matamu, kama mlivyoelekeza. Chini ya hadubini nimeona kwamba kile nilichokiita tawi la shinani ni mrija mwingine kabisa, mwembamba, seli zake hazina safu, na umeshikilia ule mkubwa kwa vijinyuzi vyake vya kushikia. DNA niliyoipeleka mara ya kwanza ilitoka shinani. Nimekata ncha mbili, moja ya kila mrija, nimezipa namba 14a na 14b, nimechora seli za zote mbili, na nimeandika kwenye daftari kwamba ule mfuatano wa kwanza haujulikani ni wa yupi.

#11 Mwanaupwa

Vizuri sana. Chora pia lile eneo la kushikana kabla hujalitenganisha, kwa sababu ukishalikata hakuna atakayeweza kuliona tena. Na mfuatano wa kwanza usiufute. Uweke pamoja na mingine miwili itakaporudi. Utakaa na mmoja wao, na ndipo utajua ulikuwa umekata nani.